Milingoti Miwili na Nusu

Mwanangu Nekesa,

Kiganja chako cha kulia hakikuunguzwa na sufuria. Mama yako ameamini hivyo kwa sababu hajazoea kudanganywa nawe. Ameshakupaka asali na kukufunga kitambaa safi. Mimi nilikiona jana ulipokuwa ukinawa. Sufuria huacha alama fupi. Kilichokuchuna wewe kilianzia chini ya kidole cha shahada kikashuka mshazari mpaka karibu na kifundo cha mkono, na ngozi imejikunja pembeni kama ganda la kiazi. Hiyo ni kamba. Ilikuwa inakimbia na wewe hukuiachia.

Nilipokuuliza, ulicheka. "Mzae, niko poa, si unaona?" Kisha ukaingia chumbani ukafunga mlango. Kesho asubuhi unapanda gari moshi kwenda Mombasa, na kabla wiki haijaisha watakupandisha mlingoti wa mbele wa merikebu ile uliyokwenda kujaribiwa bandarini. Huko juu mtu anategemea mikono yake miwili tu. Mmoja wa mikono yako haujapona, na nyumba hii nzima anayejua ni mimi peke yangu. Ndiyo sababu ya barua hii. Mambo ya soksi, vidonge na kupiga simu Jumapili mama yako ameshayamaliza, siyarudii.

Umenionyesha picha nyingi za merikebu za zamani, nami nikakueleza kwa raha jina la kila tanga. Mwalimu wa fizikia hastaafu, nisamehe. Jambo ambalo sikukueleza ni kwamba kila aina ya tanga ina namna yake ya kuua mtu. Nilidhani nakulinda. Leo nakueleza.

Anza na matanga ya mraba, yale yanayoning'inia kwenye foromali, boriti zilizokingamana na mlingoti. Matanga hayo hupenda upepo wa nyuma. Ukitoka tezi, yaani nyuma ya chombo, tanga linajaa, chombo kinakimbia, na kila mtu sitahani anajiona hodari. Hatari ni upepo kugeuka ghafla na kuja kutoka mbele. Tanga linabandikwa kwenye mlingoti, na mlingoti unasukumwa upande ambao haukujengewa kusukumwa. Kamba nene zinazoushikilia zimefungwa kwa kutazamia nguvu ya upande mwingine. Mlingoti unakatika, na foromali zinashuka pamoja na watu waliokuwa juu yake. Niliwahi kuona kipande cha foromali kilichotoboa sakafu ya sitaha kikasimama wima katikati ya kitanda cha mpishi. Mpishi alikuwa jikoni akikaanga vitunguu, na hadi leo sidhani kama kuna kitu anachokipenda kuliko vitunguu.

Matanga ya urefu ni kinyume chake. Hayakingami. Yanafuata chombo kutoka mbele kwenda nyuma, kama mlango ambao bawaba zake ni mlingoti, na chini yake pana boriti nene. Tanga la namna hii hukubali kwenda karibu na kule upepo unakotoka kuliko lile la mraba, tena linataka watu wachache. Ndiyo maana skuna, zilizokuwa na matanga ya urefu matupu, ziliweza kuendeshwa na mabaharia wachache tu. Lakini mlango hujibamiza. Chombo kikigeuka huku upepo uko nyuma, upepo hulishika tanga kwa upande wa pili, na boriti inavuka sitaha nzima kwa mara moja. Haina mlio inapokuja. Mlio ni wa kile ilichokikuta njiani.

Yale ya pembetatu ya mbele kabisa, yanayofungwa kwenye mlingoti wa maji, ule uliolala ukielekea baharini, hayo huchapa. Kamba ya pembeni ikifyatuka, pembe yenye pete ya chuma inarushwa huku na huku na hakuna anayeweza kuisogelea. Nimeona mtu akitema meno yake ya mbele kiganjani na kuyaangalia kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mafundi wa zamani waliyajua haya wakachanganya. Merikebu yenye matanga ya mraba katika milingoti yake yote mitatu ilikula watu wengi, kwa kazi na kwa maana ile nyingine. Kwa hiyo mlingoti wa nyuma wakauvua foromali, wakauvika tanga la urefu. Mabaharia wa pwani waliita chombo hicho merikebu ya milingoti miwili na nusu, kwa kuwa mlingoti usio na matanga ya mraba hawakuuhesabu kuwa mzima. Yako ndiyo hiyo. Na yangu ilikuwa hiyo.

Unajua kwamba nilipata kufanya kazi baharini nikaacha. Hujui kwa nini, kwa sababu babu yako alikataza isisemwe mbele ya watoto.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Sokoni Gikomba, karibu na maseremala, palikuwa na mzee wa Kiswahili kutoka pwani, Mzee Athumani, aliyeuza kamba na maturubai. Mpwa wake alikuwa serahangi, yaani mkubwa wa mabaharia, katika merikebu kuukuu iliyofundisha vijana na kubeba mizigo. Mzee akatuombea kazi mimi na rafiki yangu Ochieng, ambaye mama yake aliuza samaki pale Gikomba na kulala Mukuru kwa Reuben. Siku ya kutuaga alitwambia, "Huko mkiambiwa neno msilolijua, ulizeni. Watawacheka, kisha watawaeleza."

Sisi tulisikia la kuchekwa tu.

"Watucheke sisi? Watu wa Eastlands?" Ochieng akaniambia kwenye gari moshi.

Mimi ndiye niliyetoa dawa. Nilimwambia, wakisema kitu, itikia kwa kichwa, kisha fanya wanachofanya wengine. Tukakubaliana hivyo na kupeana mkono. Dawa ikafanya kazi vizuri. Ochieng alikuwa mwepesi kuliko mimi, akapelekwa kwenye matanga ya mraba ya mlingoti wa mbele. Mimi niliachwa chini kuvuta kamba na kumenya viazi.

Siku iliyotuharibikia ilikuwa ya jua na upepo wa nyuma. Tulikuwa tunasugua sitaha. Ndoo ya sabuni ilikuwa tezi, chini ya ile boriti ya mlingoti wa nyuma. Upepo ukaanza kuhama, na serahangi akaona tanga la nyuma likilegea na kutetemeka. Akamwona Ochieng amesimama katikati ya njia ya boriti, akampigia ukelele, "Ochieng! Omo! Omo!"

Omo ni sehemu ya mbele ya chombo. Alimwambia akimbilie mbele. Kwetu Eastlands, kama unavyojua, neno hilo ni sabuni ya unga. Ochieng akaitikia kwa kichwa na kutabasamu, akakimbilia tezi kuchukua ile ndoo.

Nilikuwa mbele nikimtazama. Boriti ilimpata juu ya sikio. Haikumwangusha tu, ilimbeba, ikambandika ukingoni na kumwacha pale amekunjika, na upande mmoja wa kichwa chake haukuwapo tena. Maji ya sabuni yalimwagika yakawa mekundu, yakafanya povu. Serahangi alipiga magoti katika povu hilo akawa anarudia, "Nimemwambia omo. Mmenisikia nyote. Nimemwambia omo." Na ni kweli alimwambia. Neno lake lilikuwa sahihi kabisa.

Tulimzika katika bandari ya kwanza tuliyofika. Nahodha akasema wenye chombo watawaandikia wazazi. Tuliporudi Mombasa nikapewa kazi ya Ochieng kwenye mlingoti wa mbele. Nilitaka kwenda mwenyewe kumwambia mama yake, na ruhusa yangu ilikuwa mwisho wa wiki. Kwa hiyo nilipomwona mtumishi mmoja wa gari moshi aliyefahamiana na babu yako, sikumtajia kifo. Nilimpa maneno ya kuwatuliza wa nyumbani tu: "Mwambie Baba nimewekwa kwenye matanga, mahali pa Ochieng. Nakuja."

Mtu yule alifika mtaani jioni akiwa na haraka, akamkuta babu yako langoni. Kwa kuwa na yeye alikuwa mtu wa kwetu, alitamka kama masikio yake yalivyolipokea: "Kijana wako amewekewa matanga huko Mombasa."

Kwetu matanga ni nini, Nekesa? Ni moto nje ya nyumba, viti vya kukodi, nyimbo hadi asubuhi. Ni msiba. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulitumia kwa kitu kingine. Nyanya yako alianguka hapo hapo mlangoni akavunjika kiwiko. Kabla jua halijazama moto ulikuwa umewashwa na mtaa mzima umekuja kunililia.

Mama Ochieng alikuwa miongoni mwa waliokuja mapema. Alitoka Mukuru kwa Reuben kwa miguu akiwa na kapu la samaki kwa ajili ya wafiwa. Akamshika nyanya yako kichwa, akamwimbia, akamchotea maji ya kuoga. Alikuwa anamfariji mama ambaye mtoto wake yuko hai.

Kesho yake ndugu yangu Barasa, Ba'mkubwa wako, akauliza swali linaloulizwa katika kila msiba wa kijana: ni nani aliyempeleka? Barasa alikuwa seremala Gikomba na walisalimiana na Mzee Athumani kila siku. Alikwenda na kundi la vijana, wengine hata hawakunijua kwa sura.

"Mzee, una habari za Wekesa?"

"Sina. Vipi kijana wetu?"

"Amewekewa matanga."

Mzee Athumani akacheka. Alipiga makofi akacheka kwa sauti. "Matanga! Alhamdulillahi! Mapema hivi? Nilijua tu yule atapanda!"

Nimelifikiria neno hilo *atapanda* kwa miaka mingi. Kwa mzee lilikuwa mlingoti. Sijui Barasa alisikia nini. Alichukua ubao uliokuwa na misumari bado na kumpiga nao usoni kicheko kikiwa hakijakatika. Taya likatoka. Msumari ukaingia jichoni. Mzee akajaribu kusema, na kwa taya lile alichoweza kutoa kilikuwa ni "tanga, tanga", jambo lililowatia wazimu zaidi. Walimfunga mikono kwa kamba mpya za dukani kwake. Wakamkanyaga mbavu. Mwingine akavuta turubai, mwingine akaleta kiberiti, duka likaanza kuwaka, na kuna mtu alikuwa ameshavingirisha tairi la kumchomea.

Aliyemwokoa ni Mama Ochieng. Alikuwa amerudi Gikomba asubuhi ile kuchukua samaki, akasikia makelele. Alipenya katikati akamlalia mzee, mwili wake wote juu ya mwili wake, wakampiga na yeye mgongoni kabla hawajamtambua. "Mwacheni!" alikuwa anapiga kelele. "Mwacheni, woi! Mtoto wangu bado yuko huko! Huyu ndiye anayejua njia ya kunirudishia!"

Hapo ndipo mikono ilipolegea.

Mimi nilifika Jumamosi. Nilitembea kutoka stesheni nikipanga maneno ya kumwambia Mama Ochieng. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, yana mwanzo na mwisho. Nikaona moto na viti nje ya kwetu, nikadhani ni baba. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa yeye. Alikuwa ameinama kwenye sufuria kubwa ya chai. Akaachia upawa. Watu wengine walikimbia, yeye akanijia, akanishika mashavu, mabega, akanivuta masikio.

"Wekesa! Ni wewe, nyathina, mwanangu? Ni mwili huu?" Akageuka akawapigia watu kelele kwamba nimefufuka. Kisha akanirudia, akicheka na machozi yanatiririka. "Na mwenzako? Ochieng amebaki kazini, siyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikupanga. Kichwa kilikwenda chenyewe, kama tulivyokuwa tumekizoeza. Naye akashangilia, akanikalisha, akanimiminia chai, akanilisha kwa mkono wake, watu wakaanza kucheza pale pale palipokuwa pa kulia. Mama yangu alikuwa amenikumbatia kwa mkono wake mzima. Nilimeza chai na andazi. Nilimwacha mwanamke yule acheze, Nekesa. Alicheza mpaka akachoka. Kisha akakaa chini, akachukua gazeti na kuanza kufunga samaki wa kukaanga, akisema nimpelekee Ochieng, lakini nisile vichwa njiani maana anavipenda.

Ndipo nikafungua mdomo. Maneno niliyoyapanga hayakuja. Nilisema, "Mama, Ochieng amekufa."

Hakulia kwanza. Alinipiga. Alinipiga na kile kifurushi hadi kikapasuka, halafu kwa ngumi, puani, mdomoni, kifuani, na hakuna aliyemzuia, wala mimi sikuinua mkono. Hakuwa anamtaja Ochieng. Alikuwa anasema, "Uliniitikia! Nimekuuliza, ukaniitikia!"

Mfupa wa pua yangu ambao wewe ulipokuwa mdogo ulipenda kuupapasa, ukauliza kwa nini umepinda, ni kazi yake.

Siku iliyofuata nilikwenda hospitali kwa Mzee Athumani. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, jicho limetolewa. Aliponijua alininyooshea mkono. Niliongea sana. Nikamweleza kwamba neno nililotuma lilikuwa sahihi, kwamba mtumishi wa gari moshi alikosea kidogo tu. Nilikuwa namweleza hilo mtu asiye na jicho. Aliniacha nimalize, akasema kupitia meno yaliyofungwa, pole pole:

"Nilicheka kwa furaha, mwanangu. Neno lile nimelelewa nalo. Sikujua kwamba kwenu lina maiti ndani."

Halafu akasema, "Mwambie Barasa ubao ni wa kujengea vitanda."

Sikumwambia. Niliona aibu kumpelekea ndugu yangu ujumbe huo, na ujumbe wowote kwa kweli niliuogopa. Mzee alirudi kwao pwani akafia huko, na Barasa aliacha useremala bila kumweleza mtu sababu. Wiki iliyopita aliponipigia simu kusema, "Huyo msichana wako mnamwacha akaparamie miti kama tumbili?" nilijua haongei juu yako. Alikuwa analia kwa namna yake, na nikamwambia, baada ya miaka yote hii, maneno ya yule mzee. Kisha akakata simu. Kesho yake alinipigia kuniuliza kaburi la mzee liko mji gani.

Nimekaa na haya maisha yangu yote kama mwalimu. Nimewafundisha watoto wa mtaa huu kwamba nishati haipotei, inahama tu. Nilikuwa nafikiria boriti ile. Wanafunzi walioitikia haraka kuliko wote ndio niliowasimamisha mbele wanieleze tena kwa maneno yao wenyewe, na wengine walinichukia kwa hilo. Wewe pia nilikusimamisha, ukanichukia, na nadhani ndipo ulipojifunza kusema uko poa kwa uso mkavu kiasi kwamba hata mama yako hawezi kuukagua. Hilo nimelifanya mimi. Niliuliza kama askari, na mtu akiulizwa hivyo hutafuta jibu la kumwondoa muulizaji.

Sasa nakuuliza vingine. Sitakuzuia kwenda. Napenda uende, nami nina wivu, kama unataka ukweli wote. Lakini kesho, kabla hatujatoka, fungua kitambaa hicho mbele yangu ukunje vidole mpaka ngumi ifunge. Ikifunga, nitakubebea sanduku hadi stesheni na sitauliza tena. Isipofunga, mpigie simu serahangi wako, mwambie kamba ilikuchuna kwa sababu hukujua wakati wa kuiachia, na kwamba unahitaji kukaa chini, kwenye kamba za sitahani, mpaka ngozi irudi. Atakucheka. Labda watacheka wote. Kisha watakueleza jinsi kamba inavyoachiwa.

Na ukiamua kunikatalia yote mawili, una haki, wewe si mtoto. Ila usiondoke kabla hujaingia jikoni ukamwambia mama yako, kwa mdomo wako, kwamba haikuwa sufuria. Likitokea lolote, mlango utakaobishwa ni wake, na sitaki aje kusikia kutoka kwa mtu wa njiani jambo ambalo wewe na mimi tulilijua tukiwa tumekaa naye meza moja tunakula chakula chake.

Baba yako anayekupenda,
na ambaye yuko macho, sebuleni, mlango uko wazi.